Upande Uliogusa Mwili

9 Februari

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Shikamoo yako ya mwezi uliopita ilifika ndani ya bahasha iliyolowa kona moja, nikaianika dirishani mpaka ikasomeka. Sisi huku wazima. Paa la jikoni limezibwa. Kinyozi, yule niliyempangisha chumba cha mbele baada ya wewe kuondoka, anakusalimu ingawa hamjawahi kuonana. Anasema mtu anayefundisha takwimu lazima kichwa kimeanza kupata uwanja, umtumie picha akupe ushauri wa kitaalamu. Meza ya Baba yako Mkubwa ninaifuta vumbi kila Jumamosi. Bisibisi zake za kufungulia saa bado zimepangwa kwa ukubwa, kama alivyoziacha. Nikimaliza huwa namwambia, "Haya mzee, nimekufungia duka," kisha najiona mjinga, kisha najisikia vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Tangu nistaafu siwezi kukaa na mikono mitupu. Unajua kazi yangu ilikuwa nini: kushona pindo za shuka za hospitali, nyeupe asubuhi, nyeupe jioni, mpaka nikawa naota maziwa. Nilipotoka pale nilitaka rangi. Ndiyo nikaanza mambo haya ya mifarishi ya viraka. Unakata vitambaa miraba, unaviunga, unaweka pamba katikati na shuka chini, kisha sindano inapita tabaka zote tatu mpaka kidole kiote sugu. Nimeshona mmoja tu na umenilia akiba yote. Kitambaa cha dukani hakishikiki, na pamba wanaiuza kama dawa. Juzi Kinyozi aliniuliza mbele ya wateja wake, "Mama, blanketi la dukani si rahisi kuliko hili?" Nikamwambia, "Wembe nao si rahisi kuliko wewe? Mbona hawa hawajinyoi wenyewe?" Wakacheka, akanywea. Lakini maneno yake yameniingia.

Wewe ndiye msomi wa hesabu katika ukoo huu. Nifanyeje ili starehe hii isinimalize?

Mama yako Mkubwa


2 Machi

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba paa limezibwa. Mimi ni mzima. Dirisha la chumba changu lina ufa unaopitisha baridi, nami nimeuziba kwa karatasi za mitihani ya mwaka jana, ambazo hatimaye zimepata matumizi. Ruhusa yangu ya kuishi huku bado iko mezani kwa wahusika, na nimeonywa kwamba nikiondoka kabla haijatiwa saini huenda nisiruhusiwe kuingia tena. Kwa hiyo sithubutu kukuahidi safari ya nyumbani. Ningepiga simu, lakini najua simu na masikio yako hayajapatana bado. Mwambie Kinyozi nywele ninazo.

Swali lako nimelifikiria kwa uzito kuliko unavyodhani. Kinachokula fedha zaidi katika kazi yako ni kitambaa, na kitambaa ndicho kitu pekee ambacho tayari unacho. Lile sanduku la bati chini ya kitanda chako limejaa nguo ambazo hakuna atakayezivaa tena. Kata hizo. Utanunua pamba na uzi tu. Vingine vitakuwa bure. Sina hakika kama "bure" ndilo neno sahihi, maana nguo iliyovaliwa na mtu ina uzito wake. Kwa hesabu ya kawaida, hata hivyo, ndivyo ilivyo.

Nina ombi pia, na nimelizungusha kichwani siku nyingi kabla ya kuliandika. Ukishona mwingine, nishonee mimi, na kama kuna nguo yoyote ya mama yangu, uitie humo. Nilikuwa bado natambaa alipofariki. Simkumbuki hata kivuli. Nilipokuwa mdogo nikikuuliza habari zake ulikuwa unanijibu kwa maneno mawili matatu, kisha unaanza kutafuta sindano ambayo haijapotea. Sikulaumu. Pengine mimi nami nisingejua pa kuanzia. Nguo, angalau, haihitaji kusimuliwa.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku mvua imekuja na imekwenda, kisima kimejaa, na mguu wangu wa kushoto unatabiri hali ya hewa kuliko redio. Kinyozi amepata mteja mpya ambaye hana nywele kabisa. Anakuja kupiga soga na analipa.

Mfarishi wako umekwisha na unakuja nyuma ya barua hii. Ushauri wako ulikuwa wa dhahabu. Ndani ya sanduku nimepata pajama za mistari za Baba yako Mkubwa, zile alizokuwa akizivaa Jumapili nzima tukagombana. Kinyozi naye akanipa koti lake la kazi, la buluu, lililochanika kiwiko. Na katikati, mwanangu, nimeweka gauni la manjano la mama yako. Mdogo wangu alilivaa mpaka likachakaa. Sijawahi kulifua tangu aniachie. Nilikaa nalo mapajani asubuhi nzima, mkasi mkononi, Kinyozi akaja mara mbili kuuliza kama naumwa. Nikamfukuza. Halafu nikakata.

Nikwambie na ujanja wangu. Nguo kuukuu hufifia nje, kwa jua na kwa sabuni. Ndani, upande uliogusa mwili, rangi iko vilevile. Kwa hiyo nimegeuza vipande vyote: unachokiona juu ni kile ambacho wenyewe walikihisi kwenye ngozi. Wanaojua kazi hii wakiona watanicheka. Wacheke. Umenoga.

Jifunike, usiutunze kabatini kama sahani za wageni.

Mama yako Mkubwa


8 Mei

Mwanangu Profesa,

Hatujambo. Mguu umetulia. Sijui kama mzigo umeshafika. Posta wanasema uko njiani.

Nimepata nafasi kubwa ya kutandaza kazi. Kulikuwa na meza karibu na dirisha imejaa bisibisi ndogo ndogo, visaa vya mkononi visivyotembea na chupa za mafuta zenye kutu. Sijui nani alituachia takataka ile. Nilimwita Kinyozi aibebe akaitupe. Akasimama mlangoni kama amepigwa na radi.

"Mama, hii ni meza ya mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee wako, Mama! Fundi saa!"

Nikamwambia aache mizaha, mimi sijawahi kuwa na fundi saa. Ameibeba, lakini nimeiona iko kwake, chini ya kioo, ameifunika taulo. Vijana wa siku hizi wana huruma na vitu.

Najisikia mwepesi mno, mwanangu. Hata ngazi napanda bila kushika ukuta.

Mama yako Mkubwa


20 Mei

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mfarishi umefika wiki tatu zilizopita, na nisamehe kwa kuchelewa kushukuru. Nilitaka kwanza nielewe ninachokushukuru. Huku tunaendelea. Wanafunzi wangu wamefanya mtihani, na mimi ninasahihisha nikiwa nimejifunika miguu, viraka vikiwa upande wa ngozi, kwa sababu vinanipa joto kuliko shuka.

Nimesitasita kuandika yafuatayo. Mchana mmoja, nikiwa chini ya mfarishi, niliona mtu nisiyemfahamu. Ana kovu lililopinda juu ya kidole gumba, anacheka kupitia puani, na akimaliza kazi hupuliza shingo ya mteja mara moja kisha anagonga kitana kwenye kiti. Nilimwona kwa uwazi ambao ndoto haina. Je, ndivyo alivyo Kinyozi? Hukuwahi kunieleza sura yake, nimezipitia barua zako zote kuhakikisha.

Na kuna jingine. Kipande cha manjano kikikaa karibu na shavu langu, nasikia msichana akikimbia nyuma yangu kwenye njia ya mchanga, kandambili zikimpiga visigino. Anahema. Anasema, "Dada, nisubiri! Dada!" Nikigeuka, anacheka bila sauti, mabega yakitikisika tu. Mama Mkubwa, nadhani ninamjua. Nasema "nadhani" kwa sababu mtu mwenye njaa huona chakula katika kila kitu. Lakini furaha niliyoipata siwezi kuitilia shaka hata nikijaribu.

Barua yako ya tarehe nane imefika leo nikiwa katikati ya kuandika hii. Sijaielewa. Umemaanisha nini kwamba hujui meza ni ya nani?

Mwanao


18 Juni

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, naona umeandika mambo ya watu wengi. Huku mimi ni mzima, mwepesi kama unyoya.

Nina mkasa mmoja tu. Kuna mtu amefungua duka la kunyoa katika chumba changu cha mbele! Nimemkuta asubuhi ana mteja na sabuni na kila kitu. Nikamuuliza, "Wewe nani amekuruhusu?" Akasema, "Mama, usianze tena." Tena! Nikamwambia nitaita polisi. Yule mteja, mtu asiye na unywele hata mmoja, sijui alifuata nini, akaanza kunibembeleza: "Mama, huyu ni Kinyozi wako, unamnywesha chai kila siku." Nikasema basi leo hapati. Jioni akanigongea, akaleta kodi yake mkononi, macho mekundu. Nimepokea, maana pesa haina ubaya, lakini nimefunga mlango wa kati.

Hilo kovu ulilosema analo. Ulijuaje?

Kuna picha ukutani, mimi na msichana mwenye gauni. Nimeweka mkono begani pake. Huwa naitazama nikinywa chai, ni picha nzuri, lakini ningependa kujua huyo ni nani na kwa nini nimemshika vile, kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

Nimeanza mfarishi mwingine. Sandukuni mna sweta la mtoto la kijani, bado zima kabisa, sijui la nani. Litafaa pindoni.

Mama yako Mkubwa (ndivyo unavyoniita, nami nimelizoea)


9 Julai

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Leo sitaeleza habari za huku, uniwie radhi. Tafadhali usilikate lile sweta. Ni langu. Ulinifumia wewe nilipoanza shule.

Mtu mwenye kovu ni Kinyozi. Anaishi nawe mwaka wa tano sasa, na kwa barua zako zote namjua kuwa mtu mwema. Mfungulie mlango wa kati, umwombe akupeleke kliniki. Nimemwandikia naye, kwenye karatasi ya pili. Sababu ya kawaida ndiyo ya kuangaliwa kwanza: umri, shinikizo la damu, dawa ya mguu. Ningekuwa namfundisha mwanafunzi ningemwambia aishie hapo.

Lakini mimi nimeshindwa kuishia hapo. Uliowasahau ni wale tu ambao nguo zao ziko huku, na uliwasahau baada ya mfarishi kutoka nyumbani. Mimi ninawaona watu hao hao, hata nisiyewahi kukutana naye. Matukio matatu si ushahidi, na huenda ninaunganisha vitu ambavyo vimekaribiana tu. Hata hivyo nimefumua vipande vyote vya koti la buluu. Vimo ndani ya bahasha hii. Vishike kwa mikono miwili, upande ule uliogeuza juu, kisha uniandikie kinachotokea, hata kama hakitokei kitu.

Niliposhika vipande hivi baada ya kuvitoa, sikumwona tena. Najua alikuwa na kovu kwa sababu nimeliandika.

Mwanao


6 Agosti

Mwanangu,

Naandika haraka haraka, usome polepole.

Bahasha ilifika nikiwa uani. Niliposhika vile vitambaa nikasikia kitana kikigongwa kwenye kiti, na nikajua ni kiti gani, na nikajua kwamba nimemfungia mtoto wa watu mlango kwa zaidi ya mwezi. Nilikwenda mbio chumba cha mbele. Alikuwa ameshika mashine kichwani mwa mtu. Nikamwita, "Kinyozi wewe, chai yako imepoa!" Akaiacha mashine inanguruma kwenye sikio la mteja, akaja akanikumbatia, nusu ya kichwa cha mtu imebaki hivyo hivyo. Mteja akapiga kelele, "Jamani, na mimi je?"

Kliniki tumekwenda. Daktari kijana, mstaarabu. Aliniuliza siku, mwezi, na nipunguze saba kutoka mia. Nikapunguza mpaka akaniambia basi. Anasema uzee una mlango wake na wakati mwingine harufu ya nguo hufungua. Kinyozi ameficha mkasi wangu, na kuhusu sweta usiwe na wasiwasi.

Lakini sasa naogopa, na hapo kwanza sikuwa naogopa. Zamani nilikuwa mwepesi tu. Sasa najua wepesi ule ni wa nini. Kinyozi anasema kuna mzee niliyeishi naye miaka na miaka, na meza iko pale chini ya kioo, naikodolea macho, ni meza tu.

Niambie, mfarishi una nguo za watu wangapi? Nirudishie. Usinifiche.

Mama yako Mkubwa


25 Agosti

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama, nikacheka kwa ajili ya yule mteja, kisha nikakaa chini. Huku muhula umeanza. Baridi imerudi mapema, na ufa wa dirisha umeongezeka kidogo.

Nakubaliana na daktari zaidi ya nilivyotarajia. Mtu akiguswa na kitambaa anachokifahamu anaweza kukumbuka, na hilo halihitaji maelezo mengine. Kilichobaki bila maelezo ni upande wangu, nao hauna shahidi isipokuwa mimi.

Ndani ya bahasha kuna mistari ya pajama, vipande vyote. Ni za mume wako. Nilipokuwa navifumua nilimsikia akipiga mluzi ule wa kuita paka, ambao mimi mwenyewe nilikua nikiusikia, kwa hiyo sijui kama nilichopoteza ni chako au changu.

Katika mfarishi kuna kitambaa kingine pia. Kiko katikati kabisa, umekishona kwa mshono wa karibu karibu, na kukitoa kutavuruga kazi yako yote. Nipe muda. Kazi zimekuwa nyingi.

Mwanao


22 Septemba

Mwanangu,

Wamekusalimu Kinyozi na mteja wake asiye na nywele.

Mzee amerudi. Sikujua kwamba kurudi kwake kungekuwa hivi. Nilishika ile mistari nikamwona yuko mezani, jicho moja limebana kile kioo chake cha kukuzia, ananiambia nisipite na chai nyuma yake nitatikisa saa. Nikafurahi mpaka nikasimama. Halafu, mwanangu, ikanibidi nikumbuke mpaka mwisho. Nimemlilia kama amekufa asubuhi ile ile. Majirani wamekuja na viti, Kinyozi akawa anawaeleza mlangoni, "Ni yule yule mzee, ndiyo, wa zamani, hapana, hajafa mwingine." Meza imerudi dirishani. Silalamiki. Bora huyu mwenye kuuma.

Kinyozi anasema msichana wa pichani ni mama yako. Nimemjibu kwamba wewe nilikulea mimi, lazima ulitoka mahali, kwa hiyo inawezekana. Lakini namtazama, sipati kitu. Mkono wangu ndani ya picha unamjua, mimi simjui. Jana nimeukuta mkono huo umejishika kwenye ukingo wa kiti, vilevile kama pichani.

Najua nani anaye. Sitakuuliza tena, maana najua hukuwahi kuwa naye, na mtoto akishika kitu chake kwa mara ya kwanza, nani wa kumnyang'anya? Nakula vizuri. Nalala vizuri. Usinihurumie.

Mama yako Mkubwa


30 Novemba

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo, na nisamehe. Barua yako ilifika mwanzoni mwa Oktoba. Nimechelewa kwa sababu ya kusahihisha, na mikutano, na wiki moja nilikuwa na homa. Ruhusa yangu bado haijatoka. Dirisha limebadilishwa kioo.

Vipande vya manjano vimo humu. Nimevifumua asubuhi ya leo, kwa sindano, bila mkasi, ili visipungue. Mfarishi umebaki fremu ya pamba na shuka. Nitauweka hivyo hivyo.

Nimejiuliza kama nina haki ya kuviita vyangu, na nimeona sina. Sauti iliyomo iliita "Dada" siku zote. Haikuwa ikiniita mimi hata mara moja. Mtu akiendelea kuitikia mwito wa mwenzake, mwishowe anakuwa mwizi, hata kama anayeita hajui tofauti. Huu ndio uamuzi wangu na sina shaka nao, jambo ambalo kwangu ni nadra, kama unavyojua.

Alikuwa akiimba kitu alipokuwa akifunga vifungo. Nimejaribu kukikumbuka nikiwa naandika bahasha. Nakumbuka kwamba kulikuwa na wimbo.

Mwanao


27 Desemba

Mwanangu, mwanangu,

Sisi wazima, na salamu nyingine zote zihesabu zimeshatolewa.

Bahasha imefika Jumatatu. Kinyozi alifunga duka, akakaa nami, akashika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili kama anasubiri matokeo ya hospitali. Nilivishika vile vipande. Alikuja papo hapo, mbio, kandambili zikipiga, "Dada, nisubiri." Wimbo wa vifungo ni ule wa kuhesabu mbuzi; alikuwa akiuharibu makusudi ili nimsahihishe. Nimelia kidogo, nimecheka sana. Kinyozi ameuliza, "Ni yeye?" Nikamwambia, "Huyu mshenzi, ni yeye."

Lakini hakurudi peke yake, na hili wewe na takwimu zako hamkulifikiria. Kilichokaa kwako kimerudi na ya kwako. Nimeona chumba ambacho sijawahi kukanyaga. Nimeona dirisha ulilosema limebadilishwa kioo, bado lina ufa na karatasi zilizojazwa humo, na rundo la mitihani limekaa sakafuni halijaguswa. Hukuwa na kazi nyingi, mwanangu. Hukuwa na homa. Ulikuwa umelala mchana Oktoba nzima na Novemba nzima, kitambaa kwenye shavu, mlango umefungwa kwa ufunguo, na watu wakigonga huitiki. Nimekuona umekonda. Nilitaka kukasirika kwamba uliniacha na ule mkono kwenye kiti muda wote huo, nikashindwa. Ningekuwa mimi nisingefumua.

Na nimesikia pia ulichonificha. Mwanzo aliita "Dada," ndiyo, nyuma yangu, njiani. Halafu njia ikaisha na akaja kusimama ndani ya chumba chako, kando ya kitanda, akihema, na akakutazama muda mrefu kama mtu anayejaribu kukisia umri. Kisha akasema, "Mwanangu." Alisema mara tatu. Mara ya tatu ndipo ulipochukua sindano.

Uliniandikia kwamba hakuwahi kukuita. Nimeelewa kwa nini uliandika hivyo. Ulitaka nichukue bila kuona aibu.

Sasa nisikilize mimi. Mimi dada yake najua jinsi alivyoita watu wake, na neno hilo hakulisema kwangu. Halikuwa ndani ya gauni nilipolikata. Sijui limetoka wapi. Kinyozi anasema tusiulize, tumwite mtu mwenye kuelewa mambo haya. Nimemwambia hakuna anayeelewa. Nimekaa na vipande siku tatu, nikavigusa kimoja kimoja na macho nimeyafumba. Vinane ni vyangu, vina mchanga, na mbio, na ugomvi wa kitana. Cha tisa, kile cha kifuani, kinanitoa jasho. Humo hanijui. Ananitazama kwa adabu kama mgeni, anageuka anakutafuta wewe. Hicho ni chako, nakirudisha.

Kinyozi anasimama mlangoni na viatu miguuni, ananiambia, "Mama, ukikituma na kumbukumbu za hivi vingine zikikifuata je? Ukitusahau tena wote?" Nimemwambia hiyo ndiyo bei yake, na sasa naijua, na kwa mara ya kwanza tangu nianze starehe hii ninanunua kitu nikiwa nimeshaulizia. Amenuna. Atakipeleka posta hata hivyo, ananiheshimu.

Kikifika usikishone na kitu chochote. Usikigeuze. Fungua mlango wa chumba chako, ule chakula, usahihishe hiyo mitihani ya watoto wa watu, nacho kiweke mahali mkono unapofika.

Akikuita, itika.

Mama yako Mkubwa